Pensheni, bima ya afya na tarehe ya ajira: majibu kwa wasomaji walioajiriwa na majimbo ya Marekani

Barua kutoka kwa wasomaji wetu walioko Marekani zimezidi kuwa nyingi. Nyingi zinatoka kwa watu walioondoka nyumbani wakiwa vijana, wakaajiriwa na serikali za majimbo kama wauguzi, walimu, madereva na makarani, na sasa mvi zimeanza kuwatoka. Wanachouliza karibu wote ni kitu kimoja: ahadi niliyopewa siku ya kuajiriwa, ya pensheni na ya matibabu uzeeni, bado ipo, na ni nani mwenye uwezo wa kuibadilisha? Tumechagua barua tano. Tatu ni za Illinois, kwa sababu jimbo hilo ndilo lililoandikiwa sheria nyingi na hukumu nyingi kuhusu jambo hili, moja ni ya New Jersey, na moja inatoka nyumbani, Morogoro.

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Mimi ni muuguzi msaidizi katika hospitali ya serikali ya jimbo hapa Illinois tangu Machi 2010. Mwenzangu wa zamu, mama wa Kisumu ambaye tunakula naye meza moja kila siku, aliajiriwa Aprili 2011. Juzi tulilinganisha karatasi zetu za makadirio ya mafao, tukaona ya kwake haifanani na yangu hata kidogo, ingawa kazi ni moja na mshahara unakaribiana. Juu ya hayo, mume wangu anasema jimbo limelemewa na deni la pensheni na kwamba bunge likizidiwa litatukata sote, pensheni na matibabu pia. Je, ni kweli? (Mama wa watoto watatu, Illinois)

JIBU: Dada yangu, ukitaka kujua kwa nini karatasi hizo hazifanani, usitazame kazi wala mshahara, tazama tarehe. Mwaka 2010 Bunge la Illinois lilipitisha sheria iliyowagawa watumishi katika makundi mawili, na mpaka kati yao ni tarehe 1 Januari 2011. Aliyekuwa mwanachama wa mfuko kabla ya siku hiyo yumo Daraja la Kwanza; aliyeingia siku hiyo au baadaye yumo Daraja la Pili. Wewe uliingia miezi kumi hivi kabla ya mlango kufungwa. Mwenzako alifika ukiwa umefungwa kwa miezi mitatu.

Tofauti si ndogo. Wewe unaweza kustaafu na pensheni kamili ukiwa na umri wa miaka 60, maadamu umetimiza miaka minane ya utumishi, au mapema zaidi iwapo umri wako na miaka yako ya kazi vikijumlishwa vinafika 85. Mwenzako atasubiri mpaka afike miaka 67 akiwa na miaka 10 ya utumishi. Akitaka kuondoka akiwa na 62 ataruhusiwa, lakini pensheni yake itakatwa nusu asilimia kwa kila mwezi anaoutangulia, na kilichokatwa hakirudishwi. Mshahara unaotumika katika hesabu yako ni wastani wa miezi 48 mfululizo iliyo bora ndani ya miaka 10 ya mwisho. Wa kwake ni wastani wa miezi 96, na kwa kuwa mishahara hupanda kadiri mtu anavyokaa kazini, wastani wa miaka minane huwa chini ya wastani wa miaka minne.

Tuchukue kalamu kidogo. Mtumishi wa jimbo anayechangia pia Social Security, yaani hifadhi ya jamii ya serikali ya shirikisho, hupata asilimia 1.67 ya wastani wa mshahara wake kwa kila mwaka aliofanya kazi. Ukistaafu na miaka 25 na wastani wa dola 5,000 kwa mwezi, pensheni yako ya kuanzia ni dola 2,087.50 kwa mwezi. Nyongeza yako ni asilimia 3 kila mwaka, nayo huhesabiwa juu ya pensheni iliyokwisha kuongezwa, hivyo baada ya nyongeza 10 utakuwa unapokea takriban dola 2,805. Nyongeza ya mwenzako ni asilimia 3 au nusu ya mfumuko wa bei, ile iliyo ndogo, na huhesabiwa juu ya pensheni ya siku ya kwanza tu. Tukisema mfumuko wa bei ni asilimia 2 kila mwaka, naye ameanza na kiasi kile kile cha kwako, baada ya nyongeza 10 atakuwa na dola 2,296. Watu wawili waliowageuza na kuwalisha wagonjwa wale wale katika wodi moja watatofautiana kwa zaidi ya dola 500 kila mwezi, kwa sababu tu barua moja ya ajira ilitoka mapema kuliko nyingine. Mimi naliona jambo hili kuwa ni dhuluma, hata kama ni halali kisheria, na mwenzako ana haki ya kuudhika.

Sasa nije kwenye hofu ya mume wako. Deni analolisema ni la kweli. Ni zaidi ya dola bilioni 140 kwa mifuko mitano ya jimbo, na limetokana kwa sehemu kubwa na miongo ya serikali kuchangia pungufu ya ilichotakiwa. Sheria ya mwaka 1994 iliyokusudia kuifikisha mifuko kwenye asilimia 90 ya mahitaji yake ifikapo 2045 iliiruhusu serikali kuanza na malipo madogo na kuyapandisha polepole, na mzigo uliosogezwa mbele ndio unaoonekana leo. Wewe, dada, makato yako hayakuruka hata mwezi mmoja. Ukilitazama karatasi lako la mshahara utayaona, kila kipindi cha malipo.

Lakini deni kuwa kubwa hakumpi mkopaji ruhusa ya kulifuta. Katiba ya Illinois ya mwaka 1970 ina sentensi moja, katika Ibara ya 13, kifungu cha 5, inayosema kwamba uanachama katika mfuko wa pensheni wa jimbo, wa serikali za mitaa au wa shule ni mkataba unaotekelezeka, na kwamba mafao yake hayatapunguzwa wala kudhoofishwa. Desemba 2013 gavana alitia saini sheria iliyotaka kupunguza nyongeza ya kila mwaka, kuweka kikomo cha mshahara unaohesabiwa, na kuwasogezea mbele umri wa kustaafu wale waliokuwa hawajafika miaka 46. Serikali iliiambia mahakama kwamba hali ni ya dharura. Tarehe 8 Mei 2015 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya Illinois, bila hata mmoja kupinga, waliibatilisha sheria nzima, wakaeleza kwamba walioandika katiba walijua kuwa nyakati ngumu zitakuja, na kwamba kinga ile iliwekwa kwa ajili ya nyakati hizo hasa.

Kuhusu matibabu, mambo yalikuwa na mashaka zaidi, kwa sababu neno pensheni limo katika sentensi ile lakini neno bima halimo. Kwa sheria ya jimbo, mtumishi wa kundi lenu hulipiwa asilimia 5 ya ada yake ya bima ya ustaafu kwa kila mwaka wa utumishi, hivyo mwenye miaka 20 halipi ada yoyote kwa ajili yake mwenyewe. Mwaka 2012 bunge liliuondoa utaratibu huo na kumpa mkurugenzi wa idara moja ya serikali mamlaka ya kupanga kila mwaka mstaafu alipe kiasi gani. Makato yalianza Julai 2013: asilimia 2 ya pensheni kwa ambaye hajafikia umri wa Medicare, yaani bima ya afya ya shirikisho kwa wazee, asilimia 1 kwa aliyefikia. Wastaafu walikwenda mahakamani, na tarehe 3 Julai 2014 Mahakama ya Juu iliamua, kwa majaji sita dhidi ya mmoja, kwamba ruzuku ya bima nayo ni fao linalotokana na uanachama, kwa hiyo linalindwa na sentensi ile ile. Waliokatwa walirudishiwa fedha zao.

Kwa hiyo mwambie mume wako kwamba wewe, na hata mwenzako aliyemo Daraja la Pili, hamwezi kupunguziwa kile kilichokuwa kimeahidiwa mlipoingia. Kinachoweza kubadilishwa ni ahadi kwa watakaoajiriwa kesho, na ndivyo Daraja la Pili lilivyozaliwa. Hukumu ile pia haikusema kwamba kampuni ya bima, orodha ya madaktari au kiasi unacholipa dirishani havitabadilika. Nawe usisahau namba 20. Ukiondoka na miaka 19 utalipa asilimia 5 ya ada yako maisha yako yote ya ustaafu, na hesabu hii ni yako wewe peke yako; ada ya mume na watoto ni hesabu nyingine.

SWALI: Ndugu Mwandishi, nimebakiza miezi minne nifikishe miaka 60 na kustaafu kazi ya jimbo. Mimi ni Daraja la Kwanza. Nimeletewa karatasi yenye safu mbili. Safu ya kwanza ni pensheni yangu ya kawaida. Safu ya pili ni pensheni ile ile lakini yenye nyongeza ndogo, pamoja na fedha za mkupuo ambazo, kusema kweli, sijawahi kuziona maishani. Nina kiwanja Kilifi chenye msingi tu. Nichague ipi? (Baba wa Kilifi, Illinois)

JIBU: Baba, kwanza nikueleze karatasi hiyo ilikotoka. Baada ya mahakama kuifunga njia ya kupunguza mafao kwa lazima, bunge lilitafuta njia ya hiari. Sheria ya mwaka 2018, iliyoongezewa muda mwaka 2022, inampa mstaafu wa Daraja la Kwanza nafasi ya kuiuza nyongeza yake. Haivunji katiba kwa sababu wewe mwenyewe ndiye unayekubali kuubadilisha mkataba wako na kulipwa kwa kukubali huko. Ukishatia saini, hakuna kurudi nyuma.

Angalia kinachouzwa na bei yake. Unatoa nyongeza ya asilimia 3 inayojijenga juu ya yenyewe, unapokea nyongeza ya asilimia 1.5 ya pensheni ya siku ya kwanza. Wataalamu wa mfuko wanakadiria thamani ya leo ya tofauti kati ya hizo mbili, kisha wanakulipa asilimia 70 ya thamani hiyo. Asilimia 30 inabaki serikalini, na ndiyo sababu serikali inaitaka biashara hii.

Lipo jambo ambalo wengi hawalioni katika safu ya pili, nalo ndilo lililonifanya niichague barua yako. Nyongeza ya kawaida huanza baada ya mwaka mmoja kamili wa ustaafu. Ile iliyopunguzwa haianzi mpaka ufikishe miaka 67, au mpaka mwaka mmoja wa ustaafu upite, kwa kutazama kipi kinakuja baadaye. Wewe unastaafu na miaka 60. Maana yake ni kwamba kwa miaka saba pensheni yako haitaongezeka hata dola moja, ilhali mkate, kodi ya nyumba na dawa vitakuwa vinapanda. Tukitumia mfano wa dola 2,087.50, ukiwa na miaka 80 safu ya kwanza itakuwa inakupa takriban dola 3,700 kwa mwezi, na safu ya pili takriban dola 2,500. Pengo hilo la dola 1,200 linakujia mwezi kwa mwezi katika umri ambao huwezi tena kurudi kazini.

Na fedha za mkupuo haziji mkononi mwako. Sheria inataka ziingizwe katika akaunti ya akiba ya ustaafu inayotambuliwa na sheria za kodi, na kila unachokitoa humo kujengea Kilifi kinahesabiwa kuwa kipato cha mwaka huo na kutozwa kodi ya shirikisho. Fundi akikuambia nyumba itahitaji kiasi fulani, ujue utatoa zaidi ya hicho.

Sisemi kwamba hakuna anayefaa kuichagua safu ya pili. Mtu mwenye ugonjwa ambao madaktari wamemweleza wazi mwisho wake, au mwenye deni la riba kubwa linalomla kila mwezi, anaweza kuona heri apate chake mapema. Wewe hukutaja ugonjwa wala deni, ulitaja kiwanja. Kwa hali hiyo, mimi ningebaki na safu ya kwanza na kujenga chumba kwa chumba. Mama naye akae mezani siku ya kuamua, maana mapato haya ni yenu nyote wawili.

SWALI: Mimi ni dereva wa basi la shule ya serikali huko New Jersey kwa miaka 22. Binamu yangu wa Illinois ananiambia pensheni na matibabu ya mtumishi wa umma hayaguswi na mtu. Nami najua mstaafu mmoja wa hapa ambaye hajaongezewa hata senti tangu 2011. Nani mkweli? (Dereva, New Jersey)

JIBU: Wote wawili ni wakweli, kila mmoja katika jimbo lake. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda pensheni za kampuni binafsi Marekani nzima haiigusi mifuko ya serikali za majimbo. Hiyo ndiyo sababu kila jimbo lina sheria zake, katiba yake na mahakama yake, na binamu yako hawezi kukujibia.

New Jersey ilipitisha sheria yake Juni 2011. Nyongeza za wastaafu, hata wa zamani, zilisimamishwa mpaka mifuko ifikie kiwango cha afya kilichowekwa. Michango ya watumishi katika mfuko wako ilipandishwa kutoka asilimia 5.5 hadi 7.5 ya mshahara kwa awamu. Wastaafu walishtaki, na tarehe 9 Juni 2016 Mahakama ya Juu ya New Jersey ilisema kwamba pensheni ya msingi ni haki lakini nyongeza haikuwa sehemu ya mkataba. Mstaafu unayemjua hakukosewa hesabu. Ndivyo sheria ilivyo.

Kwa bima ya ustaafu, watumishi wa shule wanahitaji miaka 25 ya utumishi ndipo jimbo liwalipie. Miaka 22 haitoshi, ndugu yangu, na miaka mitatu iliyobaki ina thamani kubwa kuliko mshahara wake. Kwa kuwa hukuwa umefikisha miaka 20 siku sheria ile ilipoanza kutumika, utachangia sehemu ya ada hata baada ya kustaafu. Waliokuwa wamefikisha waliondolewa mzigo huo.

Niongeze Michigan, kwa kuwa inaonyesha vizuri jinsi maneno machache yanavyoweza kugeuza maisha ya watu. Katiba yake nayo inalinda pensheni, lakini inasema inalinda mafao ya kifedha yaliyokwisha kuchumwa, na mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba matibabu ya wastaafu wa shule si fao la kifedha. Kisha mji wa Detroit ukaomba kufilisika Julai 2013, na jaji wa shirikisho akaamua kwamba katika ufilisi hata pensheni inaweza kukatwa. Wastaafu wa kawaida wa mji walipunguziwa asilimia 4.5 na kufutiwa nyongeza, na bima ya afya waliyoahidiwa ikabadilishwa na kitu kidogo zaidi. Majimbo yenyewe hayawezi kufilisika kwa sheria hiyo. Miji inaweza, jimbo likiiruhusu. Ukiwa mwajiriwa wa mji, uliza pia swali hilo.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Morogoro, nastaafu baada ya miaka mitatu. Kaka yangu yuko Chicago na hujisifu kwamba katiba ya huko inamlinda. Kwa nini sisi kikokotoo kimebadilishwa mara kwa mara na hatukuwa na pa kukimbilia? (Mwalimu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mwalimu. Ya kaka yako imeandikwa katika katiba, na yako imeandikwa katika kanuni. Sheria ya mwaka 2018 iliunganisha mifuko ya pensheni ya PSPF, LAPF, PPF na GEPF kuwa mfuko mmoja, PSSSF, na kikokotoo chenyewe, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kikawekwa katika kanuni zinazotungwa na waziri. Kinachoandikwa kwa kanuni hubadilishwa kwa kanuni. Kile cha 2018 kiliposababisha kilio, Rais Magufuli alikisimamisha tarehe 28 Desemba mwaka huo huo na kurudisha vya zamani hadi 2023. Tarehe 1 Julai 2022 kikaja cha mkupuo wa asilimia 33 kwa wote, na katika bajeti ya Juni 2024 mkupuo ukapandishwa hadi asilimia 40 kwa waliokuwa zamani wakipata 50, na 35 kwa waliokuwa wakipata 25.

Nimekupigia hesabu ya mwalimu aliyefanya kazi miezi 360 na ambaye mshahara wake unaotumika katika kikokotoo ni shilingi 1,000,000 kwa mwezi. Kwa kikokotoo cha zamani cha PSPF, ambamo kila mwezi wa kazi huhesabiwa 1/540 ya mshahara wa mwaka, asilimia 50 ya jumla hutolewa kama mkupuo ikizidishwa kwa 15.5, na inayobaki hulipwa kila mwezi, angepata mkupuo wa shilingi 62,000,000 na pensheni ya shilingi 333,333 kila mwezi. Kwa cha 2022, chenye 1/580, 12.5 na asilimia 33, mkupuo ni takriban 30,724,000 na pensheni ni 415,862. Kwa asilimia 40 ya sasa, mkupuo ni takriban 37,241,000 na pensheni ni 372,414.

Serikali ilipotetea mabadiliko ilisema kwamba mstaafu anapungukiwa mkupuo lakini anaongezewa pensheni ya kila mwezi, na namba hizo zinaonyesha kwamba ni kweli anaongezewa. Ila pima uzito. Kwa asilimia 40 unapoteza takriban shilingi 24,759,000 za mkupuo ili upate nyongeza ya shilingi 39,080 kila mwezi. Ukigawanya, unahitaji miezi 633, yaani zaidi ya miaka 52, kuzirudisha. Anayestaafu na miaka 60 atakuwa na miaka 112. Zipo hoja za haki kuhusu uhai wa mfuko, na mfuko ukianguka hakuna atakayepata kitu, lakini hoja kwamba mstaafu hakupoteza haisimami mbele ya hesabu hii.

Kaka yako naye umwambie kwamba Illinois hakuna mkupuo wa aina yako hata kidogo; pensheni yote ni ya mwezi. Na kinga yake haikuwaokoa walioajiriwa baada yake. Chama chako cha walimu kikiwa na nguvu ya kudai jambo moja tu, mimi ningependa kidai kwamba kikokotoo kiingizwe ndani ya sheria yenyewe, ili kukibadilisha kuhitaji mjadala wa wazi wa Bunge, na kwamba mabadiliko yoyote yaanze na watakaoajiriwa baadaye.

SWALI: Nilifundisha Tanga kabla ya kuja Marekani, na ninapokea pensheni ndogo kutoka nyumbani. Hapa Illinois nimefanya kazi ya jimbo miaka 21 na nina Social Security. Nimefika miaka 66, nataka kurudi Tanga moja kwa moja. Je, pensheni itanifuata? Na je, niache kulipia Medicare, maana sitaitumia? (Bibi wa wajukuu wanne)

JIBU: Bibi, pensheni ya jimbo ni yako popote utakapoishi. Matibabu ni habari nyingine. Medicare, isipokuwa katika hali chache sana, hailipii matibabu nje ya Marekani, hivyo kadi yako haitakufaa katika hospitali yoyote ya Tanga wala ya Muhimbili. Jimbo nalo linamtaka mstaafu aliyefikia umri wa Medicare awe na Sehemu A ya Medicare, ya hospitali, na Sehemu B, ya madaktari, ndipo aendelee na bima yake ya ustaafu, ile uliyoichuma kwa miaka 21 na ambayo huilipii ada. Ukiiacha Sehemu B, unaiweka rehani hiyo nyingine pia.

Sehemu B iligharimu dola 185 kwa mwezi mwaka 2025. Ukiifuta, kisha ukarudi Marekani baada ya miaka mitatu ukiwa mgonjwa na kutaka kujiandikisha tena, ada itapandishwa asilimia 10 kwa kila miezi 12 kamili uliyokuwa nje, na kwa mfano huo ni asilimia 30 zaidi maisha yako yote. Tena utasubiri kipindi cha kujiandikisha, ambacho huwa ni kuanzia Januari hadi Machi. Kwa hiyo swali la kuamua si kama utaitumia Medicare Tanga. Ni kama ukipata ugonjwa mkubwa utatibiwa hapo hapo, au watoto wako watakupandisha ndege uje kwao. Waite wote, hata kwa simu, wajibu kabla hujatia saini fomu yoyote.

Kuna habari njema katika barua yako ambayo pengine hujaitambua. Kwa miaka mingi, mtu aliyekuwa na pensheni ya kazi ambayo haikuchangia Social Security, ikiwemo pensheni ya nchi ya kigeni, alipunguziwa malipo yake ya Social Security kwa kanuni maalumu. Sheria iliyotiwa saini na Rais Biden tarehe 5 Januari 2025 iliifuta kanuni hiyo kwa malipo ya kuanzia Januari 2024. Tafuta barua ya kwanza kabisa uliyotumiwa na Social Security ulipoanza kulipwa. Ikiwa humo imetajwa pensheni yako ya Tanzania kuwa sababu ya kupunguziwa, linganisha kiasi kilichoandikwa na kinachoingia benki sasa. Ikiwa hakijaongezeka, nenda ofisini kwao na barua hiyo mkononi kabla hujakata tiketi ya kurudi.